Mwaka wa umakamu umekwisha: wananiita msaliti, na bado wanataka nigombee

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha umma huku magharibi. Chuo chenyewe nitakiacha bila jina, utaelewa. Nasomea ualimu, Kiswahili na Historia. Kwetu ni Kisumu, mama ana meza ya omena soko la Kibuye, na mimi ndiye wa kwanza nyumbani kufika chuo kikuu.

Mapema mwaka wa 2025, jamaa mmoja aliyetaka uenyekiti wa baraza la wanafunzi alinitafuta niwe mgombea mwenza wake. Sikujidanganya kuhusu sababu. Sheria inataka mwenyekiti na makamu wasiwe wa jinsia moja, kwa hiyo alihitaji msichana, tena msichana asiye na maneno mengi. Tulizunguka hosteli na vyumba vya kupanga tukiahidi: karo itashughulikiwa, mikopo ya HELB, ile bodi ya mikopo ya elimu ya juu, haitachelewa, intaneti itafika hadi hosteli za chini, maji hayatakatika. Tukashinda.

Sasa muda wetu unaisha, na nikigeuka kuutazama sioni kitu. Septemba wahadhiri waligoma, masomo yakasimama hadi Novemba. Wenzetu wengi walibaki mtaani wakilipa kodi ya nyumba bure, wakitupigia simu usiku kana kwamba mishahara ya maprofesa inatoka mfukoni mwetu. Masomo yaliporudi kila kitu kikabanwa, mitihani ikatangazwa haraka, na uongozi wa chuo ukasema mwenye deni la karo hapati kadi ya mtihani. Mwalimu, kuna wadogo zetu wa mwaka wa pili waliopangwa bendi ya 5 katika huu mfumo mpya wa ufadhili, familia ikitakiwa kubeba asilimia 40, na baba ni mtu wa boda. Hao watatoa wapi?

Makomredi walikusanyika uwanjani jioni, wakiapa kwamba asubuhi barabara itafungwa. Mwenyekiti alikuwa Nairobi. Mimi na katibu tuliingia kwa wakubwa, tukakaa huko hadi usiku. Tulichopata ni hiki: mwenye deni aandike ahadi ya kulipa kwa awamu, apewe kadi, ila matokeo yake yazuiliwe hadi deni liishe. Nilitoka nikawaambia watu kwamba wote wamekubaliwa kufanya mtihani, warudi vyumbani wakasome. Walinibeba juu juu wakiimba jina langu.

Januari matokeo yakatoka. Wenye deni walifungua potali wakakuta imefungwa. Siku hiyohiyo ikaanza kusambaa picha yangu ya usiku ule, nimekaa ofisini na chupa ya soda mkononi. Chini yake wameandika: "Tuliuzwa kwa soda." Mwenyekiti aliiona na hakusema neno. Siku hizi nikipita mesi wananiuliza kama nimekunywa. Asante ya punda kweli ni mateke.

Kazi niliyofanya mwaka mzima, ukiondoa mikutano, ni kukimbizana na alama za mtihani zilizopotea. Nina daftari. Mtu akija naandika jina, somo, mhadhiri na mwaka, kisha naenda idarani. Wengi walizipata. Lakini hilo si jambo la kupigia tarumbeta, hata sijui kwa nini nalitaja.

Sasa mwenyekiti anataka turudi awamu ya pili, yeye na mimi vilevile. Kundi jingine, wengi wao wasichana wa kitivo chetu, wananitaka nisimame uenyekiti dhidi yake, na wamemleta mwanasiasa wa kule nyumbani aliyesema gharama zote atabeba yeye. Baba mdogo ameshaanza kuniita mheshimiwa. Anasema Babu Owino, yule mwanasiasa, alianzia hapohapo, na 2027 wadi yetu iko wazi. Nami nina sapu mbili, mitihani ya kurudia, ambazo mama hazijui. Yeye huwaambia wateja kwamba binti yake ndiye naibu mkubwa wa chuo.

Niambie, Mwalimu. Niliwauza? Mwaka umepotea? Na nigombee au nisigombee?

Makamu Aliyechoka,
Kisumu

*

Marahaba, binti yangu.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye tarehe. Usigombee. Si uenyekiti, si umakamu.

Sababu yangu ya kwanza haihusu picha wala soda. Wewe ni mwanafunzi wa ualimu wa mwaka wa tatu, na barua yako yote haina hata neno moja kuhusu mazoezi ya kufundisha. Nimefundisha hapa Nakuru hadi nikastaafu, na kila muhula wa pili tulikuwa tukiwapokea wanafunzi wa vyuo vikuu wamekuja kwa mazoezi hayo. Nilijifunza kuwatambua viongozi wa wanafunzi kabla hawajajitambulisha: simu haitulii, maandalio ya somo yameandikwa asubuhi ileile kwenye matatu, na Ijumaa saa nne kuna "mkutano wa dharura" chuoni. Watoto wa kidato cha pili hawana haja ya kujua kwamba mwalimu wao ni mheshimiwa. Baraza linakaa mwaka mmoja tu. Ukitoa muhula mzima wa mazoezi, ukatoa likizo, unabaki na kipande. Mwaka jana kipande chenu kililiwa na mgomo wa wahadhiri, na hapo hukuwa na la kufanya. Mwaka huu ungekijua mapema na bado ukaomba kura.

Halafu kuna sapu mbili. Vyama vingi vya wanafunzi vina kifungu kinachomzuia mgombea mwenye masomo aliyofeli. Soma katiba ya chama chenu leo, kabla mpinzani hajakusomea mbele ya watu. Hata kama kifungu hicho hakipo, sapu ukiirudia ukafeli tena haibaki sapu. Unajua inakokwenda.

Hilo tuliache. Swali zito ni lile la kwanza, niliwauza?

Hukuwauza. Lakini isome tena barua yako mahali ulipoeleza usiku ule. Makubaliano yalikuwa na sehemu mbili: kadi zitatoka, na matokeo yatazuiliwa. Kwangu mimi umeziandika zote mbili. Kule uwanjani ulitangaza moja. Ninaelewa kwa nini: watu wana hasira, giza limeingia, mawe yako karibu, na wewe unataka kila mtu alale salama. Walakini yule kijana aliyekubeba mabegani alikuwa anashangilia nusu ya habari. Nusu ya pili aliipata Januari, peke yake, kwenye skrini ya simu, na hapo ndipo ile soda ilipopata maana. Wangekusikia ukisoma yote, wengine wangekuzomea usiku uleule. Wangekuzomea na wangelala, na picha isingekuwa na kazi ya kufanya miezi miwili baadaye.

Kwa hiyo methali ya punda iache. Hawakukupiga teke baada ya wema. Wamekasirika kwa jambo ambalo wana haki ya kulikasirikia, ila wamelitafutia sababu ya uongo. Mapatano yenyewe, ukiniuliza mimi, yalikuwa mazuri. Mtu aliyekosa mtihani amepoteza mwaka. Aliyefanya mtihani matokeo yakazuiliwa amebaki na deni, na deni hulipwa hata kwa vijisenti. Andika ukurasa mmoja, uyaweke makubaliano yote mawili kama yalivyokuwa, aliyekuwapo na aliyesaini, ubandike kwenye ubao na utume kwenye makundi yenu. Soda usiitaje. Ukijitetea kuhusu soda utakuwa umekubali kwamba kesi ni ya soda.

Kuna jambo jingine linalokuumiza bila wewe kulitaja kwa jina. Hao wanaokuuliza kama umekunywa, wangapi walikupigia kura? Karibu hakuna. Aprili 2016 Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungwa baada ya ghasia za uchaguzi wa SONU, chama cha wanafunzi wake, na kabla mwaka huo haujaisha Bunge lilikuwa limerekebisha Sheria ya Vyuo Vikuu. Ninyi mlipochaguliwa, kwa sheria hiyo wanafunzi hawakumchagua mwenyekiti moja kwa moja. Waligawanywa kwa idara au vitivo, kila kundi likachagua wajumbe watatu, na wajumbe hao ndio waliochagua baraza. Nia ilikuwa kupunguza ukabila na fujo. Matokeo yake wewe umeyaishi: mlizunguka hosteli mkiahidi kwa maelfu, lakini waliowapa viti ni wajumbe wachache wanaoweza kukaa katika ukumbi mmoja. Mwanafunzi wa kawaida anakudai kama aliyekuchagua, na anakutupa kama asiyekuchagua. Si chuki dhidi yako. Hakuna uzi uliowafunga, kwa hiyo hakuna uliokatika.

Na hapa ndipo ninapomwona huyo mwanasiasa wenu. Uchaguzi wa watu wachache ni rahisi kuununua kuliko wa maelfu, na sote tumesikia hadithi za wajumbe kupelekwa kulala hotelini usiku wa kuamkia kura wasije wakakutana na upande wa pili. Mtu anayesema atabeba gharama zote za kiti cha mwaka mmoja hakitaki kiti hicho. Anataka vijana wenye daftari la namba za simu wakati kampeni za 2027 zitakapoanza, na wewe ungekuwa umeshapokea. Wale wasichana wa kitivo chako siwalaumu, huenda wana nia safi kabisa. Waambie watafute mgombea mwenye mwaka mzima mbele yake, nawe umsaidie kwa yale unayoyajua. Mgombea huyo asimame bila huyo mfadhili. Watashindwa? Inawezekana.

Ahadi zenu pia zinanikera kidogo, lazima niseme. HELB iko Nairobi. Bendi zinapangwa Nairobi. Mshahara wa wahadhiri unatoka kwa hazina ya serikali. Hata intaneti na maji ni bajeti ya chuo, mliyoweza kuisukuma lakini hamkuishika. Mliomba kura kwa mambo ambayo hayakuwa mikononi mwenu, na sasa unautazama mwaka kwa orodha hiyohiyo na kusema huoni kitu. Ungeona nini?

Nipe lile daftari.

Umelitaja kwa mistari michache, kisha ukaomba radhi kwa kulitaja. Mimi nililisoma nikaweka miwani chini. Alama ikikosekana katika somo moja, jina halitoki kwenye orodha ya mahafali. Jina lisipotoka, mtu anangoja mahafali mengine, na bila cheti TSC, tume ya kuajiri walimu, haimsajili. Nimewaona walimu wazuri wakifundisha kwa malipo ya kubahatisha kwenye shule za binafsi kwa sababu ya alama ya somo la mwaka wa pili ambayo hakuna aliyejua iko kabati gani. Wazazi hawaelewi. Nyumbani wanadhani mtoto amefeli na anaficha. Wewe umekuwa ukiingia kwenye makabati hayo mwaka mzima, na unaniambia mwaka umepotea!

Sasa lifanyie kazi kabla hujaondoka ofisini. Kaa chini jioni mbili tatu, utenganishe majina kwa chanzo cha tatizo. Wewe unajua vyanzo kuliko mimi: mwanafunzi hakusajili somo kwenye potali, alisahau kusaini karatasi ya mahudhurio, alama ziliingizwa kwenye msimbo wa somo jingine, mhadhiri wa muda hajalipwa na ameondoka na maskripti. Ukishapanga utaona ni wapi panapovuja. Kama wengi wao wako kwa wahadhiri wa muda, hilo halimalizwi kwa mwanafunzi mmoja mmoja kubisha mlango. Ni jambo la kupelekwa kwa msajili likiwa na hesabu yake, na baraza lijalo litakuwa na kitu cha kudai ambacho kiko ndani ya chuo, kinachoweza kutatuliwa na watu walioko ndani ya chuo. Hii ni ajenda. Ile ya HELB ilikuwa wimbo.

Mkabidhi daftari katibu mpya wa masuala ya masomo, hata akitoka upande usioupenda, hata akiwa yule aliyesambaza picha. Kabla ya kumpa, waulize walio ndani yake wenye kesi ambazo hazijaisha kama wanakubali majina yao yaende kwake. Waliokwisha kupata alama zao, uyafute majina yao. Hayo ni mambo yao ya siri, na kuna sheria ya kulinda data tangu 2019. Mtake aweke sahihi ya kupokea. Najua vyama vyenu havina desturi ya makabidhiano. Kila baraza huanza kana kwamba la jana halikuwahi kuwapo, na mwenye kupotea ni yule mwanafunzi aliyekuwa amebakiza saini moja.

Mwenyekiti wako nitampitia haraka. Alinyamaza kwa sababu kunyamaza kulimfaa. Usimjibu hadharani. Akikuita, mwambie uso kwa uso kwamba hutagombea naye, na umwambie kwa nini, pamoja na ile Januari. Asipokuita, umwandikie barua ya heshima. Basi.

Kwa baba mdogo unahitaji uvumilivu zaidi, maana yeye anakupenda. Ni kweli Babu Owino alitoka SONU na 2017 akawa mbunge wa Embakasi Mashariki. James Orengo naye, gavana wa Siaya, jina lake lilianza kusikika akiwa kiongozi wa wanafunzi Nairobi miaka ya 1970. Lakini mwulize kama anamkumbuka Tito Adungosi, mwenyekiti wa SONU wa 1982. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti mwaka huo alifungwa miaka 10, akafia gerezani kabla hajaimaliza. Baba mdogo ana umri wa kukumbuka. Simtaji kukutisha, nyakati hizi si zile. Ila wazee wetu huhesabu waliofika bungeni peke yao, halafu wanamwambia binti wa miaka 21 kwamba njia ni nyeupe. Kama siasa unaipenda, 2027 si mwaka wa mwisho wa kura Kenya. Maliza shahada.

Mama aambiwe kuhusu sapu, na aambiwe na wewe. Nenda mwenyewe, usipige simu, na usiende siku ya soko. Sidhani atalia. Mwanamke aliyesomesha mtoto kwa omena ameshaona hasara, na atakuuliza swali moja tu: unalipa shilingi ngapi kuurudia mtihani, na lini? Uwe na jibu. Sioni haja ya kumvunjia ile habari ya unaibu. Ulikuwa naibu kweli.

Halafu wahi ofisi ya kitivo uulize kuhusu fomu za mazoezi ya kufundisha. Shule za mjini hujaa mapema, na ukichelewa watakupangia iliyobaki, mbali, huku tarehe za sapu zikiangukia katikati ya muhula. Mweleze mratibu wazi kwamba una mitihani miwili ya kurudia, ili akupe shule ambayo unaweza kutoka asubuhi, ukafanya mtihani, ukarudi darasani kesho yake.